Jina la Kumi

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile bosi wangu Mkongomani, Papa Mwenze, alinipandisha zote. Tulikuwa Etterbeek, huku Ubelgiji, kwenye jiko la kampuni yake inayopikia maofisi, na fomu ilikuwa mezani kando ya sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao. Ofisi ya biashara ya jimbo moja la Marekani, pale karibu na kituo cha Schuman, ilitafuta mpishi wa chakula cha mchana kwa miaka mitatu. Walishaonja, wakapenda. Kilichobaki ni saini.

Saini yenyewe ndiyo ilikuwa shughuli. Sheria ya jimbo lao inataka kampuni yenye wafanyakazi kumi au zaidi wa kutwa itamke kwamba haibagui wenye biashara ya bunduki na risasi, la sivyo haipewi mkataba wa serikali. Na Papa Mwenze alikuwa amebagua. Oktoba iliyopita bwana mmoja, Thibault, muuzaji wa bunduki za kuwindia, alitaka tumpikie sherehe ya duka lake. Ana leseni, ana adabu, hana kosa lolote. Papa Mwenze alimwambia hapikii bunduki, akakata simu.

"Weka saini tu," nilimwambia. "Nani atakwenda kumuuliza Thibault?"

"Miye najua, Georgina. Nilimukatalia juu ya bunduki. Donc, basi niandike uongo?"

Nilikuwa na sababu ya kuwaka. Kibali changu cha kuishi Ubelgiji kimefungwa kwenye kazi hii, na kilikuwa kinaisha Machi. Bila mkataba ule ingebidi mtu apunguzwe, na wa mwisho kuajiriwa ni mimi. Nilimwambia hayo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nikaongeza kwamba anachezea riziki za watu kwa sababu ya kiburi. Aliandika kwenye fomu kwamba kweli alimkataa mtu kwa kuwa anauza bunduki, akaituma. Kichwani nikajiona nimesharudishwa kwetu Moshi, nikaenda nyumbani kwa miguu bila kumuaga.

Siku ya tatu akapiga simu Evelien, dada wa Kibelgiji anayeshughulikia mikataba ya ofisi ile. Nilipokea mimi, kwa kuwa makaratasi ya kampuni yako chini yangu. Nikajua tumekwisha.

"Nina swali moja," alisema. "Mmeorodhesha wafanyakazi kumi. Kwenye orodha ya hifadhi ya jamii ninaona tisa. Huyu dereva, Noé Mwenze, ni nani?"

Sikumjua; orodha ile aliijaza Papa Mwenze mwenyewe. Tangu nianze kazi, dereva wetu ni Kadiri.

"Mkiwa tisa," akasema polepole, kama mtu anayetaka asikike vizuri, "sheria hiyo haiwahusu. Hakuna tamko la kutia saini."

Nilimkuta Papa Mwenze stoo, nikamweleza. Aliketi juu ya gunia la mchele.

"Noé ni mutoto yangu. Kampuni hii tuliifungua naye, yeye ndiye angeendesha gari. Alienda kwanza Bukavu kusalimia bibi yake. Walimupiga risasi mu njia." Akajifuta uso kwa aproni. "Kila fomu naandikaka jina yake. Miaka sita sasa. Mukono inaandika yenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu niliyemwita mwenye kiburi!

"Nisamehe, Papa."

"Uliogopa, mutoto yangu. Bon. Lete fomu ingine."

Nilitaka kuichapa, akakataa, akaijaza kwa mkono. Aliandika majina tisa, kalamu ikasimama juu ya mstari wa kumi. Nilisikia friji ikinguruma. Kisha akapiga mstari mahali pa jina, akanipa karatasi, akaenda kugeuza pondu.

Mkataba tukapata. Kibali changu kikaongezwa. Evelien nilimpelekea sambusa za kutosha ofisi nzima, maana angeweza kulitupa faili letu kapuni, lakini alinyanyua simu. Papa Mwenze naye alimpigia Thibault, akamwomba radhi kwa kumkatia simu, si kwa kumkataa. Na mimi namshukuru mzee huyu kila asubuhi ninapofungua jiko, kwa sababu kama angenisikiliza, tungetia saini uongo ambao wala hakuna aliyepaswa kutudai.

Jumatatu ya kwanza ya mkataba Kadiri aliumwa, Papa Mwenze akashika usukani mwenyewe. Tulikwama kwenye foleni kabla ya Schuman, sufuria zikigongana nyuma. Sikupanga, maneno yalinitoka tu.

"Asante, Noé."

Taa zikawa kijani, Papa Mwenze akaingiza gia.

"Aliendeshaka vibaya sana, ule mutoto," alisema, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Lakini leo ametufikisha."