Hatua Elfu Tisa Bafuni

Naapa kwa meno yangu yote, manne yaliyobaki, kwamba haya ni kweli tupu: siku niliyoanguka bafuni ndiyo siku niliyotembea kuliko mzee yeyote katika makazi yetu.

Nilikuwa kifudifudi, shavu kwenye vigae, goti la kushoto limegoma. Kipaza sauti cha ukumbini kikakohoa: "Hongera Babu Fundi! Hatua elfu tisa, na jua bado halijafika utosini!" Wenzangu wakapiga makofi. Nikapiga kelele. Makofi yakazimeza.

Wiki tatu kabla, kila mmoja wetu alivishwa bangili ya plastiki. Ukitembea, inahesabu, ukianguka, inalia chumba cha wauguzi. Jambo jema, nani atabisha? Ila mkuu wa makazi, mama asiyecheka ovyo, alitia neno: asiyefikisha hatua elfu mbili kwa siku atahamia ghorofani, kwa wasiojiweza, ambako mlango hufunguliwa na muuguzi tu. Na mimi kutulia sijui. Nimekanyaga cherehani miaka arobaini. Hata usingizini miguu inashona. Goti nalo lilikuwa limevimba kama boga.

Nikamwendea mshonaji anayetia viraka mashuka yetu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Mwanangu, nifungie bangili hii kwenye kikanyagio cha cherehani."

"Babu, wewe utakua lini?"

"Nikipata nafasi."

Akacheka, akaifunga. Tangu hapo nilimpelekea kila asubuhi, saa nne naifuata. Nikawa bingwa. Niliwasimulia wenzangu ninavyoizunguka bustani mpaka konokono wananipisha.

Siku ile saa nne ilipita, sikutokea. Nikiwa pale chini nikasikia cherehani inanyamaza, kisha viatu vinakimbia kufuata kelele zangu. Akasukuma mlango, bangili mkononi.

"Mungu wangu, Babu! Kumbe nakutembeza, nawe umelala sakafuni!"

Alikuwa analia. Ulimi wote ule, umeisha.

Mkuu wa makazi akafika nyuma yake. Akanitazama mimi, akaitazama bangili. "Nani kafanya hivi?"

Nikaona kibarua cha mtu kinaanza kuota nyasi.

"Mimi," nikasema. "Nilimwambia mashine yake ina baridi yabisi, bangili ndiyo tiba."

"Naye akaamini?"

"Mimi mwongo hodari, mama."

"Hilo nalijua." Akachuchumaa, akalibonyeza goti kwa kidole kimoja. Yowe nililotoa, hata kipaza sauti kingeona haya. "Linauma tangu lini?"

Nilitafuta hadithi. Mfukoni hamna, kichwani hamna. Mshonaji alikuwa amejibana ukutani, bangili kaikumbatia.

"Tangu kabla ya bangili," nikasema.

Neno hilo moja la kweli lilinigharimu chumba changu cha chini, chenye dirisha la bustani. Mshonaji hakuulizwa tena.

Sasa niko ghorofani, sawasawa juu ya chumba cha kushonea. Asubuhi cherehani ikianza, miguu yangu nayo inaanza, inakanyaga shuka mpaka linajikunja lote miguuni pa kitanda. Bangili iko mkononi mwangu mwenyewe. Jana ilisoma hatua kumi na moja, na mbili kati ya hizo nilisukumwa.

Saa nne kamili cherehani inanyamaza. Viatu vinapanda ngazi bila haraka, na mtu anagonga mlango nisioweza kumfungulia.