Marehemu wa Malka

Kitendawili changu nakitega mapema, nanyi msijibu kwa pupa. Namsalimu kila nipitapo, haitikii. Namletea zawadi, hashukuru. Siku nilipobanwa, yeye ndiye aliyenitetea. Ukishindwa usinipe mji, mimi mji ninao, hapa hapa nje kidogo ya Masalani. Soma tu. Jibu litakuja lenyewe kwa miguu ya ng'ombe.

Sisi tunakaa juu, mto Tana uko chini. Katikati kuna malka, ile njia pana ya mifugo kuteremka kunywa maji. Malka haina mwenyewe. Si ya jirani yangu Gelle, si yangu, si ya ukoo wowote. Ni ardhi ya umma, na zamani serikali iliipima ikapanda mawe ya saruji kwenye kona zake, yale wanayoyaita bikoni, ili shamba lisije likala njia. Lakini Tana ukifurika haubishi hodi. Mawe ya chini yalichukuliwa na maji, na la juu hakuna aliyekumbuka liko wapi.

Aliyefaidi usahaulifu wetu ni Noordin, mwenye shamba kando ya malka. Sisemi ni mtu mbaya. Mume wangu alipofariki, Noordin ndiye aliyeleta sanda kabla sijaomba. Ila alipanda ndizi, ndizi zikakubali. Akapanda tikiti, tikiti zikakubali. Moyo ukanogewa. Kiangazi kilipoingia tukaamka tukakuta seng'enge imekatiza malka kutoka kichaka hadi kichaka.

Ikabidi ng'ombe wazungushwe hadi malka ya pili, mbali, juani. Tangu ukame uliopita mimi nilibakiwa na ng'ombe mmoja tu, Adey, mweupe kama maziwa yake, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Siku moja akapiga magoti njiani. Tulimwinua mimi na Gelle, yeye akivuta mkia, mimi nikivuta dua.

"Eddo," Gelle aliniambia, maana huniita shangazi kwa heshima, "safari nyingine kama hii huyu harudi."

Nilijua ni kweli. Asubuhi nikaenda ofisi ya ardhi, nikakaa kwenye benchi nikiwa na chupa yangu ya chai, kama mtu aliyehamia. Wakanipeleka kwa mpimaji aliyetumwa kutoka Garissa, binti anaitwa Hamdi.

"Ayeeyo, malka yenu iko kwenye ramani," akasema. "Kesho nakuja. Nenda upumzike."

"Bibi yako atapumzika Adey akinywa," nikamjibu.

Akaja kweli, na chombo chake cha miguu mitatu, hijabu ameifungia ndani ya koti la kazi. Kijiji kizima kikamfuata, na ng'ombe nyuma yetu kama mashahidi. Noordin akatokea na kikoi kipya.

"Binti yangu," akasema, "hicho kidude chako kinaongea na nyota. Mimi naongea na ardhi. Nionyeshe jiwe la serikali. Ukinionyesha, wallahi seng'enge hii naing'oa kwa mikono yangu, mbele ya watu hawa."

"Umesikika!" Gelle akapaza sauti. "Hata ng'ombe wamesikia."

"Wasikie. Kusikia hakujazi tumbo."

Hamdi hakubishana naye. Alipima, akatembea, akapima tena, akawa anafuata seng'enge. Mahali pamoja seng'enge ilipinda, ikazunguka rundo la mawe na kuliacha nje. Hapo akasimama. Akatazama chombo, akatazama rundo, akatutazama sisi.

"Hapa pana nini?"

"Marehemu," tukajibu wote.

Niwaeleze. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi nililikuta kaburi hilo, mawe yake bado machache. Walisema ni msafiri aliyefia njiani, hajulikani jina wala kwao. Kwetu, ukipita kwenye kaburi la asiye na wake, unaweka jiwe, unasoma Fatiha, unaendelea. Na mawe huku ni taabu, udongo wote mweusi wa kunata. Ukiokota jiwe kule barabarani unambebea marehemu kama mtu anayempelekea mgeni maziwa. Mimi siku ya kwanza nilimpa kipande cha jiwe langu la kusagia, lililovunjika mgongoni mwa ngamia wa harusi.

"Chombo changu kinasema bikoni iko hapa," Hamdi akasema, sauti imemshuka.

Watu wote wakasema pamoja. Astaghfirullah! Utamfukua maiti?

"Huyo ni babu wa babu yangu!" Noordin akasema.

"Tangu lini?" Gelle akamrukia. "Mwaka jana ulisema ni haji kutoka Bute!"

"Haji hawezi kuwa babu?"

Hamdi akaanza kukunja miguu ya chombo. "Mimi sichimbi kaburi, wazee wangu. Hata ofisi haikunituma hivyo. Nitaandika nilichokiona, mahakama iamue."

Mahakama! Nikageuka kumtazama Adey. Alikuwa amelala kivulini, ulimi nje, na maji yanameta upande wa pili wa seng'enge. Mahakama ina siku zake, tumbo la ng'ombe lina zake.

Nikamwendea imamu wetu, Daud. "Imamu, zawadi niliyoiweka kwa mkono wangu, naweza kuiinua kidogo, kisha nikairudisha?"

Akashika ndevu, akafikiri. Kijiji kizima kilikuwa kinazitazama ndevu hizo. "Kuchimba, hapana," akasema. "Kuinua mawe mliyoyaweka wenyewe na kuyarudisha, sioni ubaya. Lakini taratibu, na kwa bismillahi."

Nikainama, nikainua la kwanza. Wanawake wakaja, tukapokezana. Gelle akaja. Mwisho Noordin naye akajitosa. "Nisije nikaambiwa nilimwacha babu yangu na wageni," akanung'unika.

Chini kabisa nikakuta kipande changu cha jiwe la kusagia. Nilikitambua kwa kidole kabla ya jicho. Nikakiinua.

Hapakuwa na tuta, wala mwanandani. Palikuwa na saruji ya mraba, chuma kimesimama katikati, na namba imechorwa ubavuni.

Hamdi akapiga magoti, akafuta udongo kwa mkono wa koti, akasoma namba, akasoma ramani. Kisha yule binti wa serikali akatabasamu mpaka nikaliona jino la mwisho.

"Ndiyo yenyewe."

"Subhanallah," Gelle akasema polepole. "Maisha yetu yote tumekuwa tukiisomea saruji Fatiha!"

Tulicheka! Imamu Daud alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Dua haipotei," akasema akifuta macho. "Wamelala wengi porini bila hata kokoto. Imewafikia wao."

Kicheko kikaisha, macho yote yakamwelekea Noordin. Akalisogelea lile jiwe.

"Babu," akaliambia, "umeniuza."

Akakunja kikoi kipya, akashika nguzo ya kwanza, akaitikisa, akaing'oa. Miiba ilipomchana kiganja, Gelle akampa koleo. "Shika, adeer, ami yangu. Hukuapa kwamba hutatumia koleo."

"Ndizi zako ziko nje ya mstari," Hamdi akamwambia kwa upole. "Hizo ni halali yako. Tikiti ndizo zilizo ndani ya malka."

"Basi tikiti ni za ng'ombe," akasema Noordin, "kabla hamjaniapisha tena."

Nguzo ya pili haijalala chini, ng'ombe wakapata harufu ya maji. Nikageuka kumtafuta Gelle aje tuinue mkia. Hapakuwa na haja. Adey alisimama mwenyewe, akapita katikati ya malka bila kuharakishwa, na tumbo lake kama mke wa sultani, akatumbukiza mdomo mtoni. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya pili wakauliza kuna harusi ya nani.

Hamdi alipanda bikoni mpya kule chini maji yalikozichukua za kale, mbali kidogo na ukingo safari hii. Lakini ya juu hakuigusa. "Ayeeyo," akasema, "sijaona jiwe la mpaka lililotunzwa hivi. Rudisheni mawe yenu, tafadhali."

Tukayarudisha, na kile kipande changu chini kabisa, mahali pake. Adey alizaa jike, tukamwita Bikoni. Na Noordin, akiteremka malka na mbuzi wake asubuhi, bado hubeba jiwe.

"Salaam aleikum, babu," husema, analiweka, anapita.