Betri Inayozima Kabla ya Tuta

Fundi alifuta mikono kwa tambara, akachomeka chaja, akangoja. Taa nyekundu ikageuka kijani, kama inavyotakiwa. Alipima betri kwa mita, ikaonyesha imejaa. Alikagua fyuzi, akasugua kutu kwenye vichwa vya nyaya, akaguna kama mtu aliyekosa cha kulaumu.

"Haina ugonjwa, shemeji."

"Ikiwa hapa kwako," alijibu Mama Pacha. "Ikifika tuta la njia panda, inazima."

Mama Pacha alikuwa akisambazia wagonjwa dawa kwa baiskeli ya umeme ya kampuni. Kabla yake iliendeshwa na mumewe, hadi lori lilipomgonga palepale njia panda. Bosi alisema ni uzembe wa marehemu, akampa mjane kazi na baiskeli ileile kama rambirambi. Sasa alikwishachelewa mara mbili. Akichelewa tena, aliambiwa, baiskeli itapewa mwingine. Mapacha wangekula nini, hilo bosi hakuligusia.

Fundi alifunga kibanda, akamfuata kwa miguu. Karibu na tuta, gurudumu la nyuma lilibonyea kana kwamba limepakiwa gunia, na mota ikanyamaza. Kwenye keria alikuwa ameketi Baba Pacha, amevaa koti la kazi lililochanika begani, kidole gumba kikiikandamiza betri.

Fundi alimwamkia, maana marehemu alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, Baba Pacha. Habari za huko?"

"Marahaba. Za huko si mbaya. Lakini betri hii usiipimie mezani, fundi. Meza haina matuta."

Mama Pacha alimwambia mumewe kwamba anamchelewesha, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani alipokawia kuvaa viatu. Mume alieleza taratibu. Springi ya pale betri inapokaa imelegea. Ukiruka tuta, betri inaachia, na baiskeli inakufia katikati ya barabara. Ndivyo ilivyomfia yeye. Alikuwa amemweleza bosi zaidi ya mara moja, na bosi alimjibu aipige kofi.

"Bora ikuzimikie huku, mke wangu," alisema. "Huku malori hayapiti."

Fundi alichomoa betri, akakunja kipande cha shaba, akakishindilia nyuma ya springi. Aliitikisa baiskeli mpaka kengele ikalia yenyewe. Haikuzima. Baba Pacha aliteremka, gurudumu likainuka. Mama Pacha hakupanda mara moja. Kwanza alimfunga mumewe vifungo vya koti, vyote, hadi cha shingoni.

"Nyumbani huji?"

"Wenzako bado. Springi zao ni hizohizo."

Mama Pacha alivuka, akafikisha dawa mapema. Aliporudi alimweleza bosi habari za springi na kile kipande cha shaba. Bosi alisikiliza huku akiperuzi simu.

Wiki iliyofuata baiskeli za wenzake zilianza kuzima kabla ya tuta, magurudumu ya nyuma yamebonyea. Waendeshaji waliteremka, wakatazama kushoto na kulia, wakasukuma hadi ng'ambo. Malalamiko ya wateja yalipozidi, bosi alikwenda kujionea. Alimkuta Baba Pacha kwenye keria ya baiskeli ya mwisho, akamtambua, wakasalimiana.

Jioni hiyo bosi alibandika tangazo langoni: ni marufuku kubeba abiria.