Mwenzangu wa Mkono wa Kushoto

Mwaka ule vijana walipokimbilia dhahabu Geita, mimi nilibaki mlimani na mawe yangu. Nachonga mawe ya kusagia. Unagonga jiwe kwa jiwe, nukta baada ya nukta, mpaka liweze kusaga uwele vizuri. Mke wangu alishakufa, watoto hatukujaliwa, na mteja akipata jiwe langu harudi miaka kumi. Uhodari wangu ndio ulionifukuzia watu.

Siku moja, nikitafuta jiwe gumu, nilitambaa ndani ya pango nisilolijua. Macho yalipozoea nikaona twiga ukutani. Nyuma yake pofu, yule swala mkubwa, kisha kifaru, wote wamechongwa kwa nukta ndogondogo. Jiwe likigongwa leo huacha alama nyeupe. Hizi zilikuwa zimeshika rangi ya mwamba wenyewe. Fundi huyu alikufa kabla ya babu wa babu zangu.

Nikapapasa shingo ya twiga. Nukta zote zililalia kulia. Nami nagonga kwa mkono wa kushoto, na zangu hulala hivyohivyo; nchi hii yote sijaona fundi mwingine wa namna hiyo. Nililia, na sioni haya kusema.

Nikashuka kumwita Bujiku, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu. Akaja na watu wake. Alitazama ukuta, kisha akatazama mkono wangu.

"Maganga, wewe! Kumbe siku zote hizi ulikuwa unafanya haya?"

"Si mimi, mwanangwa. Nimewakuta humu."

Mbuke, niliyemchongea jiwe mwaka juzi, akacheka. "Babu, nasagia jiwe lako kila siku, mkono wako nisiujue? Ona nukta zinavyolala!"

Wakapiga vigelegele. Bujiku akanishika bega. Sikumbuki kabla ya hapo ni lini mtu alinigusa. Akasema jioni wataleta pombe kwangu, niwasimulie nilivyomchonga yule twiga.

Nilipaswa kukana mara ya pili. Wote walikuwa wananitazama, wanatabasamu.

"Haya, ni mimi," nikasema.

Siku hizi wageni hawakatiki, wengine hutoka Shinyanga. Wanakula, wananisifu, wanaondoka. Mara nyingine nashika njia ya pangoni peke yangu, na nikifika mlangoni nageuka. Mtu mmoja tu alifanana nami duniani, nami nimemnyang'anya kazi yake ili nitembelewe.