Mfuniko wa Pipa la Uani

Mdogo wangu akiumwa na nyigu, koo linafunga. Siyo kuvimba tu kama mimi na wewe. Linafunga, macho yanamtoka, tunakimbia naye hospitali. Safari ya mwisho daktari alituambia wazi kwamba nyigu mmoja tu tena anaweza kumtoa roho. Uani wote wanajua, maana siri haikai kwenye nyumba ya vyumba vingi na bomba moja.

Sukari anajua. Huyu ni jirani yetu muuza juisi, ana meza yake nje ya geti, na kila mchana analeta maganda ya mananasi na makapi ya maembe kuyamwaga kwenye pipa la uani, bila hata mfuko. Pipa lenyewe liko mlangoni kwetu. Akishamwaga, anauegemeza mfuniko ukutani. Eti pipa likipumua halinuki.

"Linapumua nini, lina mapafu?" nilimuuliza.

"Dada, wewe unapenda ugomvi. Ukilifunika, harufu inajazana humo, siku ukifungua inakuangusha."

Na wapangaji wakamuunga mkono, ndicho kilichoniudhi. Hata mama mwenye nyumba. Ndiye aliyeweka chupa ya maji ya sukari pembeni ya pipa ili nyigu wazame humo. Wakazama wachache, waliobaki wakaitana. Mchana pale ni mvumo mtupu, nyuki na nyigu kama wamealikwa harusini.

Mdogo wangu akawa mtu wa ndani. Alizoea kusuka nusu ya mtaa pale kibarazani. Sasa dirisha limefungwa, joto, wateja wanamgongea kioo kumsalimia, wanaenda kusukwa kwingine.

Nikaliosha pipa mwenyewe. Sabuni, siki, nikasugua hadi utelezi wa chini ukatoka. Ile chupa nikaimwaga. Taka nikazifunga kwenye mifuko, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Niko bafuni, nasikia mtu anaburuta jiwe.

Nilitoka na povu masikioni. Sukari huyo, ndoo tupu mkononi, mfuniko ukutani.

"Nimelisaidia lipate hewa, dada."

Nililiinamisha pipa, nikaliviringisha kwa ukingo wake hadi nje ya geti, nikalisimamisha bega kwa bega na meza yake, wazi.

"Haya, lipumue hapa."

Mama mwenye nyumba akasema nimepandwa na wazimu. Nikamwambia wazimu huo umo ndani ya kodi ninayomlipa.

Nyigu hawakuchelewa. Kwanza mmoja kwenye mdomo wa glasi, kisha ukoo mzima. Mteja akaacha juisi yake, akarudi nyuma akijipiga shingoni. Sukari akapunga kitambaa wee, akachoka. Mwishowe, mbele ya watu wote, akakimbilia mfuniko, akalifunika pipa na kulikandamiza kwa viganja.

"Kumbe linafunikika," nilisema.

"Ungenieleza vizuri tu, dada. Kuniaibisha mbele ya wateja si uungwana."

Mimi niliyemweleza kila siku. Niliyempigia hata mkewe magoti amsihi afunike.

"Litakaa hapa hapa kwako, limefunikwa. Nikilikuta tena mlangoni kwangu, maganda yako nakumwagia kitandani."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama kizingitini, anapatazama pale pipa lilipokuwa. Akashuka ngazi, akasubiri, akashuka nyingine. Mama mwenye nyumba akamvutia kigoda haraka haraka.

"Njoo mwanangu, kaa unisuke."

"Leo sisuki mtu," alisema, akakaa peke yake, uso juani.