Paa Moja la Bati

Mama Pacha alibisha mlango wa bluu, akasikia redio ikipunguzwa sauti ndani, akajua hafunguliwi. Alikwisha kuzoea. Tangu wiki ianze, watu wa mitaa hii ya nyuma ya viwanda walikuwa wakikiona kizibao chake cha njano kwa mbali na kuvuta mapazia. Kizibao kiliandikwa UTAFITI mgongoni. Waliokuja mara ya mwisho na vizibao vya namna hiyo walichora alama nyekundu kutani, na baada yao likaja tingatinga.

"Mimi sibomoi, mama," alisema akiwa ameusogelea mlango. "Nauliza tu nyumba inatumikaje."

"Hata wale walianza kwa kuuliza," sauti ikajibu kutoka ndani.

Hakubishana. Aliandika kwenye kishikwambi kwamba wenyeji wamekataa, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Manispaa ilikuwa ikiandaa mpango mpya wa matumizi ya ardhi. Wataalamu walichukua picha iliyopigwa na satelaiti, kompyuta ikachagua mapaa kwa bahati nasibu, na wadadisi kama yeye wakatumwa kwenda kuyaona mapaa hayo kwa macho: hapa ni makazi, hapa biashara, hapa kiwanda, hapa ghala, hapa uwanja mtupu. Paa moja, jibu moja. Kabla ya hapo Mama Pacha alikuwa akishona mifuko ya suruali katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kikafungwa na wao wakaambiwa habari hiyo na mlinzi getini. Kwa hiyo kila asubuhi alipovaa kile kizibao alimshukuru Mungu, na alishukuru kweli, si kwa mazoea ya mdomo. Tena aliipenda kazi. Alipenda kukaribishwa kwenye sebule za watu, kuelezwa kwamba chumba hiki mchana ni saluni na usiku wanalala wajomba.

Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wake, kijana ambaye wadadisi walimwita Chapchap, ingawa si mbele yake.

"Mama Pacha, lile ghala umelifikia?"

"Ndiyo kwanza naliona."

"Hilo usipoteze muda nalo. Kwenye picha ni paa moja kubwa. Andika ghala, piga picha ya geti, uende zako. Chapchap. Mshauri wa mpango anazitaka data leo."

Ghala lilikuwa mwisho wa barabara, refu, bati limeshika kutu. Getini alikaa mlinzi mwenye kofia ya kijeshi, mikono kaikunja kifuani.

"Mna nini humu, kaka?"

"Mali za bosi."

"Watu hawakai?"

"Watu wakae wapi, dada? Ghala hili." Alisema akitazama kando, kama mtu anayesoma maneno aliyoandikiwa.

Mama Pacha akabonyeza ghala. Akarudi nyuma hatua chache ili geti lote liingie kwenye picha. Jua lilikuwa limewaka. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Mkate wa siku hizi ulikuwa umepungua ukubwa na kuongezeka bei, na kilichokuwepo mezani aliwaachia pacha wake waende nacho shule. Aliinua kishikwambi. Geti likaanza kuyumba. Akasikia mlinzi akisema, "Dada, dada," kisha hakusikia tena.

Alipofumbua macho aliona dari iliyo juu mno na kuta fupi mno. Juu kabisa yalikuwa mabati na vyuma. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba na maboksi yaliyofunguliwa, hazikufika hata nusu ya safari ya kwenda huko juu. Alikuwa amelazwa kitandani, miguu imeinuliwa juu ya mto.

"Usiinuke," alisema mwanamke mtu mzima aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Kunywa kwanza."

Ilikuwa chai ya rangi, tamu mpaka meno yakauma. Mama Pacha aliinywa yote, na machozi yakamtoka bila kujua kwa nini.

"Asante, mama."

"Humu wote wananiita Shangazi. Aliyekubeba ni Komando, yule wa getini. Ana moyo, tatizo lake ana bosi."

Nyuma ya mbao cherehani ilikuwa ikikimbia. Kwingine mtu alikohoa. Upande wa kulia mtoto alikuwa akikariri hesabu kwa sauti ya kuchoka.

"Saba mara nane, hamsini na nne."

"Na sita," wakajibu watu kutoka vyumba vitatu kwa pamoja, na cherehani haikusimama.

Mama Pacha akacheka. Kisha akakumbuka neno alilolibonyeza pale getini, kicheko kikamkauka.

"Shangazi, mnaishi wengi humu?"

Shangazi alikichukua kikombe, akakiweka chini polepole. "Unauliza kama mgeni wangu au kama kizibao?"

"Kama kizibao," alisema Mama Pacha. "Sitaki kukudanganya. Barabara mpya wanataka ipite upande huu. Palipoandikwa ghala, anaitwa mwenye ghala, analipwa, basi. Palipoandikwa makazi, wanaoishi ndani sharti waitwe wasikilizwe. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi hapo nje nimeshaandika ghala, lakini naweza kubadilisha kabla sijatuma."

"Na mwenye ghala akisikia tumejitaja, akatutoa kesho?"

"Anaweza. Hilo siwezi kukuahidi."

Shangazi akainua uso kuelekea mabati, akasema kwa sauti ya kawaida tu, maana humo ndani hakukuwa na haja ya kupaza. "Jamani, mmesikia?"

Walikuwa wamesikia. Cherehani ikanyamaza. Mwanamume mmoja alisema yeye hayumo, asitajwe, amefukuzwa mara mbili na hana nguvu ya mara ya tatu. Mwingine alisema serikali haijawahi kuuliza jambo kwa wema. Wakabishana juu kwa juu, kila mmoja akiwa chumbani kwake, mpaka msichana aliyekuwa akishona akatoka, tepu shingoni, akasimama penye pazia la Shangazi.

"Niandike mimi," alisema. "Nimechoka kuishi kama panya. Chumba cha tatu, ninalala na mdogo wangu, na hapohapo ndipo ofisini kwangu."

Baada yake wakaja wengine. Mama Pacha alibadilisha ghala kuwa makazi, akafungua taarifa mpya kwa kila kaya, zote kwenye nukta ileile ya ramani, na kila mara kishikwambi kikamtolea onyo jekundu kwamba jengo limekwisha kuandikwa. Akalipuuza. Waliokataa hakuwalazimisha. Alikuwa karibu kumaliza, Komando alipoinama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi hapa sipo, nimekwenda kununua vocha," alisema. "Lakini chumba cha mwisho kule andika mke na watoto watatu. Baba yao usimtaje."

Wakati wa kuondoka Shangazi alimfungia maandazi mawili kwenye gazeti. Mama Pacha alijaribu kukataa, ikawa kama anamtukana, akayapokea kwa mikono miwili. Nje, kabla ya kuvuka barabara, alituma data zote. Alikula huku anatembea, na moyoni alikuwa na shukrani nzito kama mzigo. Watu hawa wangeweza kumwacha pale getini.

Chapchap alikuwa bado ofisini, tai imelegea, macho kwenye skrini.

"Mama, unaniua. Paa moja limezaa kaya zote hizi?"

"Nilikuwa ndani. Nimewaona."

"Sibishi. Lakini muundo wa utafiti unasema paa moja, jibu moja. Mshauri akiona namba zimeruka hapa atasema timu nzima imepika data." Alishusha sauti. "Sikia. Rudisha ghala. Kesho nakupa ule mtaa wa maghorofa. Kuna lifti, kuna kivuli, wanakuitikia kwa adabu."

Mama Pacha alikuwa na miguu inayowaka moto na watoto wanaohitaji viatu. Alifikiria lifti. Aliifikiria kwa dhati.

"Ukitaka kufuta, futa kwa mkono wako," alisema. "Mimi sitaweza."

Kijana akajipangusa uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkataba wa muda kama wao, wake mrefu kidogo tu.

"Basi kesho usije," alisema. Akanyoosha mkono kupokea kizibao. "Na ukale kitu, mama. Umepauka."

Miezi ikapita. Mama Pacha alipata vibarua vya kufua, akavikosa, akavipata tena. Siku moja tangazo la redio likasema rasimu ya mpango imebandikwa katika ukumbi wa manispaa, na mwenye pingamizi afike. Alikwenda kuutazama mtaa wake mwenyewe. Ulikuwa umepakwa manjano, rangi ya makazi, akashusha pumzi. Kidole kikateleza chenyewe hadi nyuma ya viwanda. Lile ghala lilikuwa kijivu, rangi ya maghala, na mstari wa barabara ulipita katikati yake.

Ndipo akaisikia sauti anayoijua, mbele kwenye meza ya ofisa mipango.

"Kuna dada alituandika," alikuwa akisema Shangazi.

"Nakuelewa, mama," ofisa alijibu kwa upole. "Lakini zile data zilisafishwa."

"Zilisafishwa?"

"Taarifa zisizolingana na nyingine zinaondolewa. Ni utaratibu wa kitaalamu."

Shangazi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei. "Kwa hiyo uchafu ndio sisi."

Ofisa akapanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Mama Pacha alisogea, aibu imemjaa usoni.

"Ni mimi niliyewaandika," alisema. "Shangazi, nisamehe. Haikusaidia kitu."

Shangazi aligeuka, akamtambua, akamshika mikono yote miwili.

"Nani kakwambia haikusaidia? Mwanangu, miaka yote ile kila mtu alikuwa amejifungia ndani ya mbao zake, anaomba asionekane. Siku uliyotuandika ndiyo siku tuliyojijua tuko wangapi. Tangu siku ile tunakutana kila Jumapili. Tulikutafuta tukushukuru, hatukujua jina lako." Hakuiachia mikono yake. "Asante."



Shangazi akamgeukia ofisa. "Baba, kalamu unayo?"

"Ya nini?"

"Ya kutuhesabu. Tumekuja wote."

Mlango wa ukumbi ulikuwa umeanza kujaa. Aliingia msichana mwenye tepu shingoni. Wakaingia wanafunzi na sare zao, wanaume wenye vumbi la saruji, mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yao wengine ngazini wakiulizana kama ndipo penyewe. Ofisa alisimama, akawatazama, akakaa tena. Akavuta karatasi nyeupe.

"Siwaahidi kitu," alisema.

"Hatujaomba ahadi," alisema Shangazi, akivuta kiti. "Andika."