Filamu Isiyo na Sauti

Siku ya mnada Bariadi, Kija alijitoma kwenye banda la video ili kumkwepa mama mmoja muuza karanga. Mguu wake wenye kipande cha chuma cha vita ya Kagera ulikuwa umechoka, ila ulimi ulichoka zaidi. Tangu arudi vitani, kila mnada mama huyo, mayu Milembe, alimuuliza jambo lilelile: mwanawe Mabula, aliyekwenda naye vitani, alikufaje? Na Kija alimjibu uongo uleule: "Alilala tu, mayu. Hakuamka."

Soko huria lilikuwa limeleta kila kitu: mitumba, wanunuzi wa pamba wenye maneno matamu, na mabanda ya video. Siku hiyo lilileta filamu kuukuu ya Wazungu, haina rangi wala sauti.

"Kanda mbovu!" watu walipiga kelele. "Leteni sauti!"

Paschal, mtafsiri wa banda, aliona watamchania turubai. Akashika kipaza sauti, akaanza kuwatungia maneno.

Kwenye runinga, askari mzee alisimama mlangoni kwa bibi kizee, kofia mkononi, midomo ikimtetemeka.

"Anasema, shikamoo bibi, ugali umeiva?" Paschal alitia chumvi. Banda zima likaangua kicheko.

Kija hakucheka. Midomo ile aliijua. Alikuwa amechoka, jamani. Mzigo mwingine unabebeka kwa kata ya kichwani, uongo hauna kata.

"Hasemi hivyo," akasema.

"Haya mzee, tusemee wewe!" Paschal akamkabidhi kipaza sauti kwa dhihaka.

Kija akakipokea. "Anasema: mayu, mwanao hakulala. Alipigwa risasi, akaniita, akaniita tena. Mimi nilikuwa nakimbia."

Kicheko kikakatika. Ndipo Kija alipokumbuka jambo ambalo kila mtu mnadani alilijua: spika ya Paschal ilitundikwa nje, upande wa barabara, kuita wateja. Na chini ya spika ile ndipo mayu Milembe alipotandika karanga zake.

Alitoka akichechemea. Mama wa watu alikuwa amekaa palepale kwenye gunia, mikono mapajani.

"Mwadila, mayu," Kija alisalimia.

Mama alisogeza karanga, akampisha nafasi ya kukaa.

"Mabula hakuwahi kulala kimya tangu akiwa mchanga," alisema. "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja tu uchoke."